Rili iliyorudi nyuma: kisa cha matengenezo ya nyumbani yaliyozidisha ubovu

Kisa hiki kinahusu rili moja ya kuvulia baharini, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, iliyoharibika mara mbili, kwanza kwa chumvi, kisha kwa mkono wa mtu aliyetaka kuiponya. Majina, kijiji na chapa ya rili nimeviondoa. Chapa haina kosa lolote hapa. Rili nyingine yoyote ingetendewa vile ingefika pale pale.

## Usuli

Mwenye rili, nimwite Bwana K., ni mtu wa makamo wa pwani ya kusini ya Kenya. Ana kazi yake ya mshahara. Bahari anaiendea mwisho wa wiki. Ana boti ndogo ya faiba yenye injini moja ya nje, na msimu wa kaskazi hutoka alfajiri kwenda ukingoni mwa mwamba, pale ambapo maji ya Mkondo wa Pemba huanza kupiga weusi kwa kina. Huko hurusha chambo bandia akiwatafuta kolekole. Wakigoma, hushusha jigi, chambo bandia kizito cha kuzamishwa, kwa chewa na changu. Samaki wakizidi mahitaji ya nyumbani huuzwa ufuoni, kwa hiyo rili hii si ya anasa tupu. Ndiyo inayorudisha pesa ya petroli.

Ni rili ya kurushia, ile inayokaa chini ya rodi (ufito wa kuvulia), yenye upinde wa waya unaofunguliwa kabla ya kurusha. Breki yake, inayouachia mshipi utoke kwa kipimo samaki anapovuta, ni ya washa (pete bapa) za kaboni zilizopangwa ndani ya spuli, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, chini ya nobu ya kukazia. Imejazwa mshipi wa kusuka wa ratili 50, yaani karibu kilo 23. Aliletewa ikiwa mpya na nduguye aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Hilo lina uzito katika kisa chetu, maana vipuri vyake havipatikani madukani huku na wakala wa kiwanda hayupo karibu. Kitakachokufa ndani kitafufuliwa nyumbani au hakitafufuliwa.

La mwisho la kujua ni namna ilivyokuwa ikioshwa. Bwana K. aliwahi kuelezwa kwamba breki ilegezwe kila baada ya kuvua, ili washa zisikae zimebanwa wiki nzima. Ushauri huo ni sahihi. Ila yeye alikuwa akiilegeza mara tu boti inapogusa mchanga, kisha rili, rodi na injini vyote vinapigwa maji ya mpira kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka vitakate. Baada ya hapo rili inatundikwa sebuleni.

## Mambo yalivyofuatana

Dalili ya kwanza ilikuwa sauti. Kaskazi ikielekea mwisho, mkono wa kuzungushia ulianza kusaga na kuwa mzito. Halafu breki ikawa haitoi mshipi kwa mfululizo: inashika, inaachia, inashika tena, na ncha ya rodi inatikisika samaki anapokimbia. Ya tatu ndiyo iliyomuuma. Samaki mkubwa, kwa kukisia kolekole, alichukua chambo na kukimbilia mwambani, na mshipi ukakatika akiwa ameshavuta mwingi. Kwenye boti hukumu ilitoka papo hapo: breki imekaba.

Kusi ilipoingia na boti ikapandishwa, rili ilikabidhiwa kwa mtoto wa kaka yake, kijana anayejifunza ufundi kwenye gereji ya tuktuk. Kijana ana mikono mizuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Aliifungua peke yake, akaipuliza ndani kwa dawa ya kopo ya kulegeza kutu, akafuta uchafu, kisha akajaza grisi ya beringi za magurudumu kila alipoona chuma kinagusa chuma. Gia zilipata, beringi zikapata, shafti ikapata, washa za breki nazo, na beringi ya njia moja, ile inayouzuia mkono usirudi nyuma, haikusahauliwa. Akaifunga. Mkono ukawa mwepesi, sauti ikapotea, nyumba nzima ikaridhika.

Kaskazi iliporudi, mapema kabisa katika msimu, samaki alipiga chambo na Bwana K. akainua rodi kwa nguvu ili amnase. Mkono wa rili ukamgeuka. Badala ya kusimama imara ulirudi nyuma kwa kasi, ukamchapa vifundo vya vidole, mshipi ukalegea, samaki akatema ndoana.

Nililetewa rili ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na maagizo: "Si uitie mafuta tu, fundi? Kijana keshafanya kazi yote."

## Kupima kabla ya kushika bisibisi

Watu wengi huanza kwa kufungua. Mimi naona ni haraka isiyo na faida, kwa sababu rili ikishakuwa vipande mezani, tabia yake huioni tena. Unaona uchafu tu, na kila uchafu unaonekana kuwa ndio sababu.

Nilianza na mshipi. Bwana K. hakuwa ameukata ule uliobaki, alifunga tu kipande kipya cha nailoni mbele yake. Ulikuwa na manyoya upande mmoja kwa urefu wa mita nyingi. Mshipi ukikatika kwa kuzidiwa nguvu peke yake, kwa kawaida hukatikia kwenye fundo, maana fundo ndilo dhaifu kuliko sehemu nyingine. Huu ulikatikia katikati, na nyuzi zake zilikuwa zimeinuka upande huo huo mmoja. Kuna kitu kilikuwa kikiusugua.

Kitu kilicho karibu zaidi na mshipi ni rola, ile ndogo iliyo mwisho wa upinde wa waya ambayo mshipi hupita juu yake kabla ya kuingia kwenye spuli. Niliizungusha kwa kidole ikazunguka kwa shida, na hapo ndipo wengi huishia: "inazunguka, nzima." Nikaweka nukta ya kalamu ya wino juu yake, nikamwomba kijana ashike mshipi na kuuvuta kwa uzito huku mimi nikizungusha mkono. Mshipi ulipita. Nukta haikusogea. Nikafunga uzi wa pamba kwenye kibano na kuupitisha juu ya rola, na nyuzi za pamba zikanasa kwenye mfereji mwembamba ambao jicho lilikuwa halijauona.

Breki niliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Nilikaza nobu mpaka mizani ikaonesha kilo 6 mshipi ukiwa unatembea. Nikaacha utulie, nikavuta upya kutoka kusimama. Mshipi haukutoka mpaka mizani ilipogusa kilo 9, ukaachia ghafla, mizani ikaanguka hadi 5, ikapanda tena. Kwa lugha ya samaki, ile kilo 9 ndiyo inayokata mshipi, ingawa mvuvi anaamini ameweka 6.

Mkono nao niliujaribu kwa kuurudisha nyuma taratibu kutoka pande mbalimbali za mzunguko. Mara ulishika, mara uliteleza robo mzunguko ndipo ukashika. Mwisho niliusukuma na kuuvuta kwa ubavu: ulikuwa na mchezo, na kila ulipocheza gia zilinguruma.

Kabla ya kufungua, basi, nilikuwa na makosa manne mkononi, na moja tu kati yake, breki, ndilo lililokuwa limetajwa na mwenye mali.

## Kilichokutwa ndani

Kitambaa cheupe mezani, kisahani cha kikombe kwa kila kundi la vipande, simu ikipiga picha kila tabaka linapotoka. Kijana alikaa pembeni, maana nilitaka aone.

Skrubu moja ya kifuniko ilikataa. Skrubu za rili ni za chuma kisichoshika kutu na bodi yake ni ya alumini; vyuma hivi viwili vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe wa kutu yake huishika skrubu kwelikweli. Msalaba wa kichwa chake ulikuwa umeanza kuchubuka kwa sababu ya bisibisi isiyouenea. Niliigusisha kichwani ncha ya moto ya kifaa cha kuchomelea risasi cha mafundi redio, nikaiacha kwa muda. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma, kwa hiyo tundu hulegea kidogo. Skrubu ikatoka bila ugomvi. Ningetumia nguvu ingekatika kichwa, na kisa hiki kingekuwa kifupi.

Ndani, grisi ilikuwa imegeuka nyeupe-nyeupe karibu na upande wa mkono. Rangi hiyo maana yake maji yameingia na kuchanganyika nayo. Beringi ya upande huo ilikuwa inakwaruza. Ya upande wa pili ilikuwa safi. Kijana alipofuta uso wa gia kubwa kwa kitambaa, kitu kikabaki kwenye kidole chake: washa nyembamba kama ganda la kitunguu, imegandishwa na grisi upande usio wake.

"Ami, hii ilikuwa wapi?" akamuuliza Bwana K., ambaye bila shaka hakujua.

Washa hizo nyembamba hukaa kati ya gia na beringi na ndizo zinazoweka umbali wa meno ya gia kubwa na pinioni, gia ndogo inayozungushwa nayo. Ikihama upande, meno yanakutana pasipo pake. Mchezo wa mkono na mngurumo sehemu kubwa vilitokea hapo.

Beringi ya njia moja ni ile inayouzuia mkono usirudi nyuma. Ndani yake kuna rola nyingine, ndogo za chuma, kila moja na springi yake nyepesi, zimezunguka bushi laini. Ukizungusha mbele, rola zinateleza. Ukirudisha nyuma, springi inazisukuma zijibane dhidi ya bushi na kila kitu kinasimama. Hii ilikuwa imejazwa grisi mpaka springi zenyewe hazionekani.

Ndani ya spuli washa za kaboni zilikuwa nzima, lakini zile za chuma zilizo katikati yake zilikuwa na magamba ya chumvi na vitobo vidogo, na juu ya yote kulikuwa na grisi ya magurudumu iliyokwisha kuwa gundi. Nilipouondoa mshipi wote, chini kabisa kwenye spuli nilikuta unga mweupe uleule wa alumini. Mshipi wa kusuka hushika maji ya bahari kwa muda mrefu, na maji ya mpira yanayomwagwa juu juu hayafiki huko chini.

Beringi ya rola ilikuwa donge la kutu.

## Maamuzi na sababu zake

Usafishaji tuliufanya uani, mbali na jiko la mkaa. Gia, shafti na skrubu zilioshwa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Plastiki zilipata maji vuguvugu na sabuni ya vyombo peke yake. Petroli niliikataa, ingawa kijana alikuwa nayo tayari kwenye chupa. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye moto ambao umeusahau, na kuna plastiki na rangi inazoziharibu.

Kuhusu beringi ya njia moja, shauri lilikuwa kutoibomoa. Springi zake zikiruka hazirudi, na huku hakuna pa kuzinunua. Iliogeshwa nzima kwa spiriti, ikatikiswa, ikaogeshwa tena mpaka spiriti ilipotoka safi, ikaachwa ikauke. Bushi yake ilifutwa kwa kitambaa chenye oili nyepesi, kisha kitambaa kikavu. Kijana alitaka kuongeza tone. Nikamwambia hapa ukiona mafuta, yameshazidi.

Washa za kaboni hatukuzibadilisha. Zilikuwa na unene sawa kote na hazikuchanika, na kaboni iliyosukwa huoshwa ikarudi kazini. Zingekuwa za felti iliyolowa grisi ya magurudumu ningeshauri zitupwe. Washa za chuma nilizisugua kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kipande cha kioo, ili zibaki bapa. Halafu likaja swali ambalo wavuvi hubishania: kaboni ifanye kazi kavu, au ipakwe? Kavu inafanya kazi vizuri. Lakini kwa rili ambayo maji yameshaonesha yanajua njia ya kuingia, na chuma chake kina vitobo tayari, nilichagua kupaka grisi maalumu ya breki, tabaka jembamba sana, kisha kufuta ziada. Nia ni kuzuia chumvi isipate pa kushika.

Beringi ya upande wa mkono tuliipima kwa kalipa: tundu milimita 8, nje 16, unene 5. Hiyo ni namba 688, saizi ya kawaida duniani, na haina haja ya kuagizwa kwa mwenye chapa. Duka la beringi mjini lilikuwa nayo, yenye sili za mpira pande zote mbili, lakini ya chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Tuliichukua kwa muda huku ile ya chuma kisichoshika kutu ikiagizwa, kwa hoja kwamba ndani ya bodi, ikipakiwa grisi ya baharini, itavumilia msimu.

Hoja hiyo hiyo haikufaa kwa rola. Rola inakaa nje, inapigwa na maji kila mzunguko. Beringi yake ni ya milimita 4 kwa 7 kwa 2.5, na dukani hakuna kitu kidogo hivyo. Tuliitoa kwenye rili mfu iliyokuwa kwenye droo yangu, na rola yenyewe pia, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na mfereji na kuing'arisha kusingeuondoa wote. Kila anayetengeneza rili huku anapaswa kuwa na droo ya maiti.

Gia kubwa ilikuwa imelika kidogo. Tuliiacha. Gia kubwa na pinioni huzoeana meno. Kubadilisha moja na kuiacha nyingine huleta kelele kuliko iliyokuwepo, na mbili kwa pamoja zingegharimu pesa ambayo Bwana K. hakuwa tayari kuitoa. Zilipata grisi ya baharini kwenye meno, basi. Pete ya mpira ya kuziba maji upande wa mkono ilikuwa imetanuka. Saizi yake haikupatikana, kwa hiyo ilirudishwa ileile ikiwa imepakwa grisi, huku tukijua kwamba ni kiraka.

Mshipi wenye manyoya ulikatwa na kutupwa. Uliobaki ulirudishwa kwenye spuli ukiwa umegeuzwa, ili upande wa ndani ambao haujawahi kuona maji ya vita uwe ndio wa mbele.

## Matokeo

Kwenye mizani, breki iliyowekwa kilo 6 ilianza kuachia kwenye 6.5 na kubaki 6 bila kurukaruka. Mkono haukurudi nyuma hata ulipopigwa kwa kiganja. Nukta kwenye rola ilizunguka na mshipi. Mngurumo wa gia ulipungua sana lakini haukwisha, na Bwana K. alielezwa hivyo kabla hajaondoka.

Baharini ilifanya kazi. Aliwatoa kolekole kadhaa, mmoja wao mkubwa kiasi cha kupigiwa picha na majirani, na breki haikulalamikiwa tena.

Msimu ulipofika katikati, sauti ya kusaga ilirudi upande wa mkono. Tulipofungua, beringi ya muda ilikuwa imeanza kutu na grisi yake imekuwa nyeupe. Maji yalikuwa yamepita kwenye ile pete iliyotanuka. Safari hii kazi ilikuwa nyepesi, skrubu zote zilitoka kwa vidole kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa zimepakwa grisi. Beringi iliyoagizwa ilikuwa imefika, ikawekwa. Pete ilipatikana kwa fundi wa pampu za maji, aliyechagua iliyokaribia kipimo kwenye boksi lake la pete mchanganyiko.

## Uchambuzi

### Grisi moja kwa kila kitu

Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi. Kijana hakukosea kufungua, wala hakupoteza kipande hata kimoja. Kosa lake la kupanga lilikuwa washa moja nyembamba. Alichokosea ni kuichukulia rili kuwa kitovu cha gurudumu la tuktuk.

Grisi ya magurudumu imetengenezwa ikae mahali, ikiwa nene, kwenye joto na mzunguko wa kasi. Kwenye gia za rili si mbaya sana, inafanya mkono uwe mzito kidogo tu. Kwenye beringi ndogo inakuwa mzigo, na ndiyo maana beringi zinazozunguka kwa kasi ndani ya rili hupewa oili, huku zile za ndani zinazozunguka polepole zikiweza kupakiwa grisi ya baharini. Kwenye breki inafanya washa zishikamane zikiwa zimetulia na kuteleza zikishaanza kutembea, na hiyo ndiyo tofauti ya kilo 9 na kilo 5. Kwenye beringi ya njia moja ni sumu. Rola zake zinahitaji kujibana dhidi ya chuma, na springi zake hazina nguvu ya kuzisukuma kupita kwenye grisi nene. Vidole vya Bwana K. viliumia kwa sababu kitu kimoja kilipewa ulaini wakati kazi yake ni kukwama.

Na ikumbukwe kwamba rili ilipofungwa ilikuwa laini mkononi, laini kuliko ilipokuwa mpya. Kuizungusha sebuleni bila mzigo hakukuonesha lolote. Ndiyo sababu nasisitiza mizani na kuvuta kwa uzito: breki na beringi ya njia moja hazisemi kweli mpaka zibebeshwe.

Ile dawa ya kopo nayo ina kazi yake, kufukuza maji na kulegeza skrubu iliyoganda. Kuipulizia ndani ya rili kama mafuta ya kudumu ni jambo jingine. Inaiyeyusha grisi nzuri iliyopo, inaibeba hadi mahali isipotakiwa, kisha yenyewe inakauka na kuacha utando mwembamba usiotosha kulinda jino la gia.

### Hukumu ya breki

Kwenye boti walisema breki ilikaba, na walikuwa na nusu ya ukweli. Kuna hesabu ambayo wavuvi wachache huipiga. Breki hushika spuli kwa nguvu ileile, lakini mshipi unapotoka, kipenyo cha mshipi uliobaki kwenye spuli hupungua, na uzito unaohitajika kuuvuta hupanda. Breki ya kilo 6 spuli ikiwa imejaa inakuwa kilo 9 kipenyo kikibaki theluthi mbili. Ukiongeza breki inayonata, inayohitaji mara moja na nusu ya uzito wake ili kuanza, samaki anayesimama na kukimbia tena mbali na boti anakutana na kilo 13 na ushee. Mshipi mzima wa kilo 23 ungestahimili. Huo ulikuwa umekwisha kuliwa na rola.

Kwa hiyo rola ya mshipi, kipuri kidogo sana, ndiyo iliyompoteza samaki yule, na breki ikaisaidia. Ingetengenezwa breki peke yake, mshipi mpya ungeota manyoya ndani ya wiki chache na lawama zingeirudia breki.

Kanuni ya kuweka breki kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi inakusudia kuacha nafasi kwa mambo haya. Kwa ratili 50 hiyo ni takriban kilo 6 hadi 7.5, imepimwa kwa mizani. Bwana K. alikuwa akipima kwa kuuvuta mshipi kwa mkono akiwa amesimama ufuoni. Nilipompimia makadirio yake ya mkono yalikuwa juu ya kilo 8.

### Kuosha

Chanzo cha ubovu wa kwanza ni mpangilio wa mambo mawili mazuri. Breki ikiwa imelegea, nobu inainuka, sili yake haibanwi, na maji ya mpira yenye nguvu yanasukuma chumvi iliyo nje iingie katikati ya washa. Sasa anakaza breki kwanza, anamwaga maji matamu taratibu, anatikisa, anafuta, na ndipo analegeza breki na kuiacha rili kivulini ikauke. Hatumbukizi rili nzima ndooni. Spuli ndiyo inayoloweshwa kando, washa zikiwa zimetolewa, ili chumvi iliyo chini ya mshipi iyeyuke.

### Kilichobaki bila jibu zuri

Uamuzi wa kutumia beringi ya chuma cha kawaida unaweza kulaumiwa, kwa kuwa haikufika mwisho wa msimu. Mimi bado ningeufanya, maana mbadala wake ulikuwa rili kukaa kabatini wakati samaki wapo. Kosa zito zaidi lilikuwa kwenye pete ya mpira, kwani beringi bora kuliko ile ingepata maji yaleyale. Fundi wa pampu alikuwa hatua chache kutoka kwenye duka la beringi, na hakuna aliyemfikiria, kwa kuwa sote tulikuwa tunatafuta kipuri cha rili badala ya kutafuta pete ya mpira.

Gia inaendelea kunguruma kwa mbali. Alama ya kuangalia ni mkono kuruka jino ukiwa chini ya mzigo. Siku hiyo gia kubwa na pinioni zitabadilishwa kwa pamoja, na kijana ameshaandika vipimo vyake.